Nusu Saa kwa Vikombe Thelathini na Kimoja

Chumbani kwetu, mezani
2 Machi

Kwako mke wangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima nakuamkia. Hali yangu ni njema, isipokuwa bega la kulia. Kuhusu hali yako nimelazimika kukisia, maana tangu katikati ya Desemba sijakutia machoni. Naona dawa ya kikohozi imepungua vijiko viwili toka juzi. Naomba uthibitisho wa maandishi iwapo kikohozi kimerudi.

Dhumuni la barua hii ni kukufahamisha kwamba leo nimewasilisha ombi rasmi kwa Bwana Ratiba, mpangaji wetu wa uzalishaji, ili mimi nawe tuwekwe zamu moja. Ni kurasa nne. Nimeeleza kwamba tangu oda ya vikombe vya hospitali ilipoingia, na kiwanda kikagawanywa zamu mbili za saa kumi na mbili bila siku ya mapumziko, mimi nabandika mikono ya vikombe mchana na wewe unavikagua usiku. Nimeeleza pia kwamba wanaoingia hupitishwa lango la mbele kabla wanaotoka hawajafunguliwa lango la nyuma, hivyo hata njiani hatupishani. Nimehitimisha kwa kusema kwamba mke wangu namfahamu sasa kwa namna shuka linavyokunjwa. Sentensi hiyo niliifuta mara mbili, kisha nikairudisha.

Ndimi,
Mumeo

*

3 Machi

Mume wangu,

Mimi mzima. Kikohozi ni vumbi tu, na kijiko kimoja cha dawa nilikimwaga kwa usingizi. Haya, uthibitisho huo, nimeutia na sahihi. Na wewe bega lako likande kwa maji ya moto, usijitie ushujaa.

Kurasa nne! Yule bwana hasomi hata ratiba yake mwenyewe. Lakini ile ya shuka nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini.

Unajua ni chombo gani hapa mjini kinachofanya kazi kwa uwezo wake wote? Godoro letu. Wewe unatoka, mimi naingia, halipoi. Wangetuomba tulipeleke kiwandani likafundishe wengine.

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu. Kula kwanza, barua baadaye.

Mkeo

*

9 Machi

Kwako mke wangu mpenzi,

Baada ya kukujulia hali na kukuarifu kuwa bega linaendelea vizuri, nasikitika kukujulisha kwamba ombi langu limekataliwa. Bwana Ratiba aliniita ofisini, kurasa zangu nne zikiwa chini ya kikombe chake cha chai.

"Mzee," alisema, "tanuri langu halina ndoa."

Nikamwomba afafanue.

"Kiwanda hiki chote ni foleni ya kuingia tanurini. Linameza vikombe elfu moja na mia mbili kwa mpakio mmoja, na halijui haraka. Udongo sharti upate mikono mchana, ukauke. Tanuri linafunguliwa jioni, ndipo mkeo ana kazi. Nikikupeleka usiku utabandika nini? Nikimleta yeye mchana atakagua nini? Hewa?"

Mke wangu, mimi ni mtu wa hoja, na hoja yake ilikuwa sahihi. Nilishukuru, nikatoka.

Wakati natoka nilisimama penye ubao wa matangazo nikaisoma kanuni ya saba: kasoro za aina moja zikizidi ishirini katika mpakio mmoja, mkaguzi na mtendaji watakutana ana kwa ana kwa muda wa nusu saa. Niliisoma mara tatu. Imeandikwa kwa lugha safi sana.

Ndimi,
Mumeo

*

14 Machi

Kwa mbandika mikono, meza ya tatu:

Unaitwa kwenye kikao cha kasoro leo saa kumi na moja na nusu jioni, chumba cha ukaguzi. Vikombe 31 vimetoka tanurini bila mikono. Msimamizi wa zamu atakuwepo.

Mkaguzi wa ubora,
Mkeo

*

15 Machi

Mume wangu,

Sikuulizi hali. Jana nimeiona mwenyewe. Umekonda, na kola ya shati imechanika nawe hukuniambia niishone.

Nusu saa nzima nimekutazama ng'ambo ya meza, na yule msimamizi katikati yetu akichokonoa meno. Umeniita "Bi Mkaguzi". Nimekuita "mtendaji". Nilikuuliza habari ya uji wa udongo unaogandishia mikono, kama ulikuwa mzito au mwepesi, ukanijibu kwa sentensi ndefu zilizonyooka. Nilitaka kuuliza kama unalala. Nikauliza habari ya ndoo ya uji.

Nilijua kabla sijakuita. Mume wangu, miaka tisa mikono yako haijawahi kudondoka. Kasoro ya bahati mbaya hutawanyika, moja huku, moja kule. Zako zilikaa safu moja, zimejipanga kama watoto wa shule. Na chini ya kila mkono hakuna mikwaruzo ya msumari wako. Wewe! Wewe unayekwaruza udongo hata ukiwa na homa, ili uji ushike!

Umesema ni hasara ndogo. Ingekuwa mezani kwako ingekuwa ndogo, ungeufinyanga udongo upya. Lakini umeacha vipite tanurini, vikakaa nafasi ya vikombe vizima. Ulimsikia msimamizi mwishoni. Oda ilikuwa iishe Jumamosi. Jumapili tarehe 22 kiwanda kizima kingepumzika, zamu zote mbili. Walitaka kututangazia leo. Sasa oda imepungukiwa vikombe thelathini na kimoja, na tanuri likiwashwa kwa hivyo au kwa elfu, saa ni zilezile. Tunafanya kazi Jumapili. Siku nzima tungekuwa nayo, mimi na wewe, mlango umefungwa. Umeibadilisha kwa nusu saa ya kujadili uji.

Wenzangu wananiuliza mume wangu ana nini. Nasema bega.

Fomu hii hapa. Nimeijaza yote isipokuwa mstari wa "chanzo". Nikiandika udongo mbaya, nitakuwa nimesema uongo kwa kalamu ninayokagulia. Nikiandika kweli, nitakuwa nimekushitaki mimi. Siwezi hili wala lile. Jaza wewe.

Mkeo

*

17 Machi

Kwako mke wangu mpenzi,

Natumaini umeamka salama. Mimi sijambo kwa kadiri inavyostahili.

Fomu nimeijaza na kuiwasilisha jana. Kwa kuwa nakala haitakufikia, nakunukulia: "Chanzo: mtendaji aliacha kutia uji na kukwaruza kwa makusudi, ili apate kumwona mkewe, ambaye ni mkaguzi. Udongo ulikuwa mzuri. Mkaguzi hakuhusika."

Bwana Ratiba aliisoma yote. Kisha akasema, "Mzee, ungeandika tu uji mwepesi." Nikamjibu kwamba uji ulikuwa na uzito unaotakiwa. Nimesimamishwa kazi siku saba kuanzia leo.

Nakuomba radhi, wewe na wenzako wote walioikosa Jumapili yao. Kwao nimeandika barua ya pamoja; iko kwa mlinzi.

Ndimi,
Mumeo

*

Jumapili, 22 Machi

Kwako mke wangu mpenzi,

Naandika barua hii saa sita mchana. Umelala hatua tatu kutoka nilipo. Sijui utaratibu unasemaje kuhusu salamu kwa mtu anayesikika akipumua.

Leo ni siku ya sita niko nyumbani. Nilidhani itakuwa karamu. Asubuhi unaingia, unasema "umeamka," najibu "naam." Unasema "chai ipo?" nasema "ipo." Kisha unageukia ukuta. Tunapokezana maneno kama walinzi wanavyopokezana ufunguo. Jioni unafunga kitambaa, unaenda. Nimejaribu kuanza mara kadhaa. Kila nilichotaka kusema kilikuja kikiwa na aya.

Hasira yako ni haki yako na siiombi ipunguzwe. Nataka tu ujue kwamba pazia nimelibana kwa vibanio ili jua lisikufikie usoni, na kwamba unapolala unakunja ngumi ya kushoto. Hilo nilikuwa nimelisahau.

Sitakuamsha. Naenda kuchota maji.

Ndimi,
Mumeo

*

Jumapili, jioni

Mume wangu,

Nilikuwa macho. Leo, na juzi, na siku ile ya kwanza. Nilisikia kalamu ikienda, ikasimama, ikaenda. Nimegeukia ukuta, nimefumba macho kama mtoto anayeogopa kutumwa dukani.

Hasira iliisha Jumatano. Baada ya hapo ni aibu tu. Kwenye karatasi nakusema, nakucheka, nakutania. Nikikuona umekaa hapo na shati lako, najihisi mgeni aliyefika bila taarifa. Ulimi haujui pa kuanzia.

Kola nimeishona. Naondoka sasa, tanuri linafunguliwa.

Asubuhi nikirudi, kaa kitandani upande wangu, usikae mezani. Sema chochote, hata kama ni habari ya ndoo. Usiponisemesha, nitalala kweli.

Mkeo