Majina Yaliyosomwa kwa Sauti

Kaka Festo mpendwa,

Natumaini kikohozi kimepungua. Huku Njombe ni baridi. Lile sweta la mitumba ulilonipa silivui.

Yule mwalimu wa chuo kikuu aliyemhoji bibi ametuma jarida lao la Kiingereza. Lina makala kuhusu msitu wetu wa makaburi, ule ambamo hata kuni haziokotwi. Leo asubuhi bibi alitaka kujua kama maneno yake yameandikwa sawasawa, basi tukakaa ukingoni mwa msitu nikawa namtafsiria. Nilipofika kwenye majina ya wazee waliozikwa humo, nikayasoma yote kwa sauti, kwa mfuatano, kama wanavyoitwa siku ya tambiko.

Ndege wakanyamaza. Ukungu ukatoka mitini ukafika miguuni petu. Mbwa wetu, aliyekuwa amelala kando, akainuka, akasogea pembeni kama anayepisha watu.

"Wewe! Unaita wazee halafu unakaa kimya?" bibi akaninong'oneza.

"Nilikuwa nasoma tu, bibi."

"Wao hawajui kusoma. Wameitwa, wamekuja. Haya, sema shida yako."

Shida yangu ni moja tu, nikawaambia: kaka yangu yuko Makambako, anakohoa tangu mavuno, apone. Mbwa akageuza kichwa taratibu, akawa anaitazama barabara ya kwenda huko mpaka ukungu ulipoisha.

Kula vizuri, kaka. Ukihisi mtu ameketi kando ya kitanda chako, usiogope. Ni mimi niliyewatuma.

Mdogo wako,
Neema