Goti la Dobi

Kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto. Mama naye kifua chake vipi? Mwambie dawa azimalize hata akijisikia nafuu, asiziweke akiba kwa ugonjwa wa mwakani kama ilivyo kawaida yake. Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu mwenye goti moja na nusu. Natembea kwa mkongojo mmoja sasa. Ule wa pili nimeurudisha hospitali, maana walinikodisha, na mimi silipii kitu nisichokitumia.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu mtu hukatizwa, na wewe kaka yangu unajua kukatiza. Haya nataka uyasome mpaka mwisho.

Nianze na kesi, kwa kuwa mara ya mwisho ulipokuja kuniona ulinisihi niachane nayo, nimwachie Mungu.

Ajali unaikumbuka. Nilikuwa napeleka mashuka ya nyumba ya wageni, yamepigwa pasi na kufungwa nyuma ya baiskeli, nami nimeshika upande wangu wa barabara. Gari la Bwana Mabati, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye mtaa mzima humwita hivyo, likanipita, kisha likakata ghafla mbele yangu kuingia dukani kwake, bila taa wala honi. Walioshuhudia wanasema nilipokuwa chini sikuulilia mguu, nilipiga kelele, “Msikanyage mashuka!” Wamenitania sana kwa hilo. Ila waliocheka si waliolipa. Mwenye nyumba ya wageni alikuja hospitali na pole mkono huu, hesabu ya mashuka mkono ule. Nikamlipa, naye akampa kazi dobi mwingine. Simlaumu. Wageni hawalali juu ya huruma.

Sasa goti lenyewe. Daktari anasema limeunga vibaya, na kusimama muda mrefu nisithubutu. Kaka, dobi anayepiga pasi ameketi ni kama mpishi anayepika amelala. Nimejaribu kiti kirefu, lakini mkono haupati uzito na shati linatoka kama limelaliwa. Mashine moja ya kufulia nimeiuza kulipia upasuaji wa kwanza. Wa pili ndio utakaonisimamisha, na fedha ya huo wa pili imo ndani ya fidia. Ndiyo sababu sikuachana na kesi. Sitafuti utajiri. Nataka kusimama mbele ya meza yangu niliyoinunua kwa jasho langu.

Nilikwenda kampuni ya bima ya gari lile. Kijana wa dirishani akaniambia dai langu limewekwa kando, kwa kuwa mteja wao ameeleza kwamba alikwisha kumalizana na familia yangu. Nikacheka. Nikamwuliza familia ipi, mimi sina mume wala mtoto, nina mashine ya kufulia. Nilidhani ni ujanja wa mwenye duka asiyetaka kulipa. Nikatafuta wakili, msichana mdogo kwa umri lakini ana meno, anayekubali kulipwa kesi ikiisha. Tulibishania fungu lake mpaka chai ikapoa, nikamshusha. Tukadai milioni tatu na laki sita, kila shilingi na sababu yake.

Siku ya kusikilizwa Bwana Mabati alisimama kofia mkononi, akasema yeye si mtu mbaya. Akasema kaka mkubwa wa majeruhi alifika nyumbani kwake, wakazungumza kiungwana, akatoa laki nne na mambo yakaisha. Jina la huyo kaka hakumwuliza, kwa sababu mtu hamwulizi mgeni mwenye msiba jina lake. Na kwa akili yake, mwanamke asiye na mume mambo yake humalizwa na mkubwa wa kwao. Mimi nikasimama kwa mkongojo wangu nikamwita mwongo. Nikamwita na majina mengine mawili ambayo hakimu aliagiza yasiandikwe. Tukapewa mapumziko ili wakili anipoze.

Nikiwa kwenye benchi la ukumbini, mke wa Bwana Mabati alikuja akaketi kando yangu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mume wake ana makosa yake, na barabarani alikosa, lakini hili hakulitunga. Mtu huyo alifika nikiwa bado sijazinduka. Alilia mpaka yeye mama akampa taulo. Alisema Kijiko yu mahututi, na Kijiko mwenyewe angependa yaishe kwa amani. Akapewa laki mbili taslimu, na mabati ya dukani ya thamani ya laki mbili. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, Kijiko ndiye nani.

Kaka, mji huu mzima hakuna anayelijua jina hilo. Ulinipa wewe, nilipokuwa mwembamba wa mwili na mkubwa wa kichwa, na hata mama hulitumia akiwa amefurahi tu.

Nadhani alilisoma jibu usoni mwangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nimefua nguo za watu maisha yangu yote, nikapekua kila mfuko kabla ya kuloweka, na hiki sikukiona. Nikakumbuka ulivyonishika mkono ukiniambia kesi ni kupoteza muda. Nikakumbuka paa jipya la nyumba ya mama, ulilosema umelikopea. Kumbe mama analala pakavu chini ya goti langu.

Yule mama alisema ulilia kwelikweli, nami naamini. Wewe hulia kweli, ndiyo maana watu hukupa fedha. Na labda ulidhani nitakufa, ukaona heri kipatikane chochote kuliko kukosa vyote. Nimejaribu kulifikiria hivyo, kwa sababu ni rahisi kidogo kulimeza. Lakini nilizinduka, kaka. Ulikuja na machungwa, ukanimenyea, ukanitazama nikila, ukanyamaza. Hapo sijapata hesabu inayokubali. Nimeulizia hata bei ya mabati: alikuhesabia bei ya rejareja, wakati fundi yeyote huuziwa kwa jumla. Hata kuniuza umeniuza kwa hasara.

Sasa nikwambie la kwangu, maana siandiki ili nikuhukumu peke yako.

Tuliporudi ndani, hakimu aliniuliza, nikiwa nimekwisha kula kiapo, kama namfahamu mtu aliyepokea fedha zile. Nikasema simfahamu. Nikaongeza kwamba pengine ni tapeli aliyesikia habari za ajali akawahi kuvuna. Watu walimcheka Bwana Mabati, mtu mzima, mfanyabiashara, ametapeliwa sebuleni kwake. Na kesi ikageuka ikawa upande wangu hapo hapo, niliiona kwenye uso wa wakili wangu. Mke wake alikuwa ameketi nyuma. Aliniangalia tu. Angeweza kusimama aseme tulichozungumza, na hakusimama.

Nimemweleza wakili ukweli. Alishika kichwa. Alisema nikinyamaza tutashinda, isipokuwa siku moja wakugundue, na hapo nitapoteza fidia na kuingia matatani. Nikikiri, kuna kitu kimoja tu cha kuniokoa: mdomo wako. Useme mwenyewe mbele ya hakimu kwamba hukutumwa, kwamba nilikuwa sina fahamu, na kwamba hukuniambia hata nilipozinduka. Usipokuja, hakimu ana haki ya kuamini kwamba nilikutuma, tukala, kisha nikarudi kudai tena.

Nimekwisha kuamua. Bwana Mabati ameniharibu mguu na nataka alipe mguu, lakini sitamlipisha upumbavu ambao hakuufanya. Laki nne alizitoa kweli, kwa hiyo zikatwe kwenye fidia yangu, nami nitakudai wewe, polepole, kwa jinsi utakavyoweza. Mabati usiyaezue. Mama asiguswe na mvua kwa ajili yetu.

Jumatatu ijayo asubuhi kesi inaendelea. Nitasimama niseme nilidanganya, kisha nitakutaja, jina lako kamili, na wewe ni nani kwangu. Ningependa uwe umesimama humo ndani ninapolitaja. Nimekulinda mara moja, kaka, na ilinitoka bila kufikiri, kama mtu anavyodaka mtoto anayeanguka. Mara ya pili nimefikiri.

Mpe mama salamu zangu nyingi. Mwambie nakuhitaji kwenye kesi, basi, mengine yasifike masikioni mwake. Wifi mwambie vitambaa vyake vya meza viko tayari na sikumtoza. Watoto wabusu.

Ndani ya bahasha nimeweka nauli ya basi la Jumapili. Ni ya kuja tu. Ya kurudi utaitoa kwenye zile laki mbili.

Ni mimi mdogo wako,
Dobi