Kuku Uliyeniachia

Machame,
Jumapili, 14 Septemba 2025

Dada yangu Malti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na joto la Dar es Salaam halikuchoshi sana. Goti linaendeleaje? Na Riya, ameshapata nguvu tangu ajifungue? Mjukuu mbusu kwa niaba yangu. Sisi huku hatujambo. Mvua za vuli bado, ila asubuhi ukungu hautoki mpaka saa nne, na migomba imesimama vizuri. Mwanangu Godlove na mchumba wake Kindness walitangazwa kanisani Jumapili iliyopita. Ndoa ni Desemba, Mungu akipenda.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mara tatu nimekupigia nikiwa na neno la kukuambia, na mara zote tatu nikaishia kuuliza habari za mtoto. Sasa nimeandika, na mpwa wako Jaimin amekubali kukuletea anapokuja huko Ijumaa.

Dada, tangu mumeo mzee Indravadan atutoke, nilikuwa nakuona ukifungua duka asubuhi na kulifunga jioni bila kusema neno, mimi nikiwa kwenye cherehani yangu pale barazani mwa duka lako. Aliyekurudishia sauti ni Rani. Alikuja kifaranga cha siku chache, ameponyoka kwenye tenga la wachuuzi, ukamlaza kwenye boksi la viatu na kuanza kumsemesha Kigujarati. Wateja walicheka, na mimi nilicheka nao. Nyumbani kwenu hakuna aliyewahi kula nyama, kwa hiyo Rani alikua bila hofu ya mtu, akitembea kati ya majora ya vitambaa kama mwenye duka. Binti yako Riya alipokuita huko Dar, ulisema huna wa kumwachia ila mimi. Ulimpeleka kwanza apate chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, ndipo ukanikabidhi.

Miezi miwili ya mwanzo alikaa vizuri, na hilo nililokuambia lilikuwa kweli. Alilala jikoni juu ya gunia. Nikienda kukata majani ya ng'ombe alinifuata kihambani, shamba langu la nyumbani, akipekuapekua chini ya migomba. Nikimwita jina alikuja mbio na kuchuchumaa nimpapase mgongo, kama alivyozoea kwako. Mwezi wa sita mdondo ukaingia kijijini. Kuku wangu tisa walikufa ndani ya wiki moja, akabaki yeye peke yake.

Mwezi wa saba nikakuambia kwamba kicheche amemchukua. Ulilia kwenye simu, dada, nikakusikia. Halafu ukageuka kunifariji mimi. Ulisema, "Martha, usijilaumu. Najua ulimtunza." Wiki iliyofuata ukamtuma Jaimin na maua na taa ndogo ya udongo, aiwashe mahali alipokufia. Nilimwonyesha chini ya mibuni, upande wa mfereji. Alivua viatu, akawasha taa, akayapanga maua kuizunguka. Nami nikasimama kando yake, nimekunja mikono kama mfiwa.

Pale hapakufa kuku. Kicheche hakuja.

Siku ile walikuja wazazi wa Kindness kutoka Kilema, baba yake Remigius na mama yake Tabitha. Tuliwatarajia Jumamosi, wao wakafika Alhamisi. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukanyaga kwangu. Wao ni Wakatoliki, sisi Walutheri, na nilikuwa nimesikia kwamba nyumbani kwao kuna wasioitaka ndoa hii. Sikutaka waone upungufu wowote. Ndizi zilikuwepo, maziwa yalikuwepo, nyama haikuwepo, na buchani hawakuchinja siku hiyo. Shemeji yangu Elimringi akatoka ukumbini na kisu, akatazama uani, akaniuliza wageni wote wakisikia, "Si yule pale?"

Ilikuwa niseme neno moja tu, kwamba kuku yule si wangu. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini niliwaza watanicheka, mama mtu mzima anawanyima wakwe kitoweo kwa sababu Mhindi wa mjini amempa kuku jina. Nikanyamaza. Elimringi akamkimbiza akashindwa, maana Rani hakumkubali mtu asiyemzoea. Basi nikamwita mimi. Nilimwita kwa jina lake, dada. Akaja mbio, akachuchumaa miguuni pangu, nikamwinua nikampa Elimringi.

Na nilikula. Usije ukafikiri nilipika tu nikakaa kando. Nilikula paja, ili mtu asiniulize kwa nini sili. Tabitha hakuigusa ile nyama. Alisema kwa upole kwamba kuku humsumbua tumbo tangu usichana wake, akaomba aongezewe ndizi na maziwa.

Siku ya pili ulipopiga simu, uongo wa kicheche ulinitoka kabla hujamaliza kunisalimu.

Jana Jaimin alipopanda huku kuchukua ndizi za kukuletea, nilimwambia yote. Akataka nimwonyeshe mahali penyewe. Nikampeleka nyuma ya zizi nilikofukia manyoya. Aliinama akagusa udongo kwa vidole. Aliponyanyuka aliniambia kwamba habari hii hawezi kukufikishia yeye, niandike kwa mkono wangu. Leo baada ya ibada nimewaambia Godlove na Elimringi pia kuku yule alikuwa wa nani. Elimringi alicheka, akasema kuku ni kuku. Godlove hakucheka. Aliweka kikombe chini akatoka nje, na mpaka sasa ninapoandika hajarudi kukaa nami.

Sikuombi msamaha kwa barua, kwa sababu kwa barua sitauona uso wako. Cherehani nimeifunika, na pale barazani sitakaa tena mpaka uniite wewe mwenyewe. Usiponiita nitaelewa.

Wasalimie Riya na mumewe, na majirani wote wanaokutazama huko. Godlove angekusalimu, lakini leo siwezi kumsemea. Ukitaka kuniuliza jambo lolote, piga simu saa yoyote. Nitapokea na kukujibu kweli, hata kama nina wageni.

Ni mimi mdogo wako,
Martha