Baiskeli ya Kulalia Tumbo

Jumatatu, 3 Machi
Nimechelewa tena. Mara ya pili. Msimamizi wa machimbo kasema ya tatu nifungashe virago. Nifanyeje? Kwa miguu ni saa nzima na ushee. Baiskeli ya kawaida, nikiinama tu mgongo unawaka moto. Miaka sita ya kubeba mawe! Cheche, fundi wetu wa kuchomelea, anasema kama huwezi kukaa, lala.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe hakutania! Kaunga vyuma, kaweka ubao na kipande cha godoro. Unalala kifudifudi — kichwa mbele, miguu nyuma kwenye pedali, usukani chini ya kidevu. Nimeijaribu jioni. Mgongo kimya! Kimya kabisa! Upepo unapita juu yangu. Mabaya yapo: shingo imekakamaa, nimemeza nzi wawili, na breki bado, naburuta kiatu. Cheche ataifunga Jumamosi.

Nimempigia simu mke wangu kijijini. Kacheka mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini. "Baba watoto, tulimuaga mtu, atarudi mjusi?"

Alhamisi, 6 Machi
Dakika ishirini na tano! Nimemtangulia hata mpishi wa chai.
Ila dereva wa lori hakuniona. Gurudumu limepita usawa wa sikio langu. Nimeangukia mtaroni, mzima. Cheche kashauri nisimamishe kijiti chenye kitambaa. Stoo kilikuwepo chekundu tu. Nimekifunga.

Ijumaa, 7 Machi
Jamani, akili yangu! Machimboni kwetu kitambaa chekundu maana yake baruti inalipuliwa. Kikionekana, malori yote husimama mpaka honi ilie. Nami nimepita nacho katikati ya foleni! Malori kumi na moja yamezima injini, madereva wamejibanza nyuma ya magurudumu. Mimi huku chini najisifu, leo barabara imetulia.

Msimamizi akaja na rejista ya mahudhurio. Nikajua kimenuka. Akaizunguka baiskeli mara mbili, mkono kiunoni kama mjamzito. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Mgongo hauumi kweli, ndugu yangu?"

Nikasema hauumi. Akanishikisha rejista, akalala juu ya ubao, akaelekea mteremkoni.

Naandika nimekaa juu ya jiwe. Honi ya kazi imelia. Jina langu halijatiwa alama. Hajarudi.

Na habari ya breki sijamwambia.