Sauti Iliyosema Nimo

Bibi Mwanaidi, shikamoo.

Nakusihi, maneno haya yaishie kwako. Usimwambie yeyote huko uliko, hata mumeo. Huku nimemgusia mwanao tu, wala hakuniamini.

Tangu tukuzike, kamati ya tamasha la ngoma hapa Mlali imenipa mimi, karani wako, kazi yako ya kutunza fedha. Unakumbuka mlivyoanza. Watu walichanga mahindi na karanga, mkauza, mkawalisha wachezaji. Kisha mfadhili akaja na mabango yake, watu wakaacha kuchanga. Alipoondoka tukabaki na deni la maturubai aliyoyaagiza. Ukawa unalipunguza kidogo kidogo kwa hela yako ya mchicha, ukiniambia, "Andika, mwanangu, usitangaze."

Baada ya arobaini yako tulikutana ghalani. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka mlangoni. Nilisoma majina ya wachangiaji kama ulivyonifundisha. Anayeitika "Nimo" amejifunga kutoa. Kwa mazoea nikasoma na lako. Kutoka nyuma, walikoketi akina mama, sauti ikajibu, "Nimo."

Watu walicheka. Mzee Kibwana, mwenyekiti, akasema, "Karani, leo umeita mpaka makaburini!" Nikacheka nami. Lakini sauti ile, Bibi, ilikuwa na mkwaruzo wako.

Mwezi huo pesa ziliingia kwenye simu ya kamati, kwa jina lako. Mwezi uliofuata, tena. Nilimwendea mwanao Salehe. Macho yakamjaa machozi. "Laini ya mama niliivunja kwa mikono hii, karani. Usinitanie kwenye msiba." Nikajaribu kuzirudisha zile pesa kwenye namba zilikotoka. Ukaja ujumbe kwamba namba hiyo haipo.

Deni la maturubai limekwisha. Nilipaswa kufurahi. Jumapili nawasomea wachangiaji mapato. Nisipokutaja, wataniuliza hela hizi nimezitoa wapi, na kijana anayeshika fedha za watu akikosa jibu huitwa mwizi. Nikikutaja...

Nimeamua. Nitakusoma wa mwisho. Usipoitika mbele ya watu, nitawaambia ni sadaka uliyoniachia, na kila mwaka nikiwa hai tamasha litafunguliwa kwa kukuombea dua. Naahidi.

Pumzika, Bibi. Ukiwa bado una neno, usilitume kwenye simu. Nitakaa karibu na mlango wa ghala, na kiti cha pembeni yangu nitakiacha wazi. Njoo ukae hapo, uniitikie polepole, nisikie mimi peke yangu.