Kila Alhamisi Tulimwombea Goreti

Kasulu, Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri na nyumba ina giza.

Niwie radhi, shajara, kwa kimya cha mwezi mzima. Muda nilikuwa nao. Sikutaka kulisoma jambo hili katika mwandiko wangu mwenyewe.

Goreti, mke wa mwanangu Zakaria, ameishi kwangu miaka minne bila kupata mimba. Mwaka huu hata hedhi ilikoma. Mimi nilifundisha baiolojia hadi nilipostaafu, kwa hiyo nilijiona ninajua: kasoro iko kwenye mfuko wa uzazi. Tangu mwaka jana nilikuwa nimeiomba jumuiya yetu ya kanisa isali nyumbani kwangu kila Alhamisi, na jina lake litajwe kwa sauti. Yeye alipiga magoti katikati yetu. Sala ikiisha, nilimuuliza mbele ya wote kama ameziona siku zake.

"Binti, sufuria ya uji wa mzazi itaota kutu," mama mmoja alimtania.

Wenzake walicheka. Nilicheka na mimi.

Mwezi uliopita daktari alitusomea majibu ya vipimo vya Goreti. Mfuko wa uzazi ni mzima. Alieleza kwamba mtu akiishi na hofu muda mrefu, homoni za msongo hufika hadi kwenye ubongo, na huko zinaweza kupunguza kazi ya jeni katika seli zinazotengeneza homoni ya kuamsha uzazi. Amri isipotoka ubongoni, mayai hayapevuki na hedhi husimama. Hakudai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Alimgeukia Goreti.

"Dada, nyumbani kuna kitu kinachokutisha?"

Goreti alitazama sakafu. "Alhamisi," alisema.

Nilikuwa nimeketi kando yake.

Nilizisimamisha sala siku hiyohiyo. Kesho yake Goreti alikwenda kwa mama yake, kijijini Mabamba, bila kuniaga. Jana Zakaria alimfuata kumuuliza kama atarudi hapa, au wakapange nyumba Kibondo, wawili peke yao. Wakienda Kibondo, mimi mjane nitabaki na vyumba vitano.

"Mama, nimwambie unamwomba arudi?" aliniuliza, akiwa amekwisha kupanda bodaboda.

Nilitamani kusema ndiyo.

"Mwambie nimemkosea," nilimjibu. "Habari ya kurudi usiitaje kwa jina langu."

Goreti akishaamua, nitaandika hapa alichoamua, hata kama ni Kibondo.