Bei ya Watu wa Miono

Dada yangu Mwanaisha,

Amani ikufikie huko uliko. Nakuandikia kwa kuwa sina tena mlango wako wa kubisha hodi, na neno hili nimelibeba tangu ule mwaka wa nzige mpaka limenichubua ndani.

Unakumbuka nzige walivyokula mashamba ya bara, kuanzia Lugoba mpaka Miono, hata majani ya mihogo yasibaki. Hapo ndipo tajiri wangu alipoanza kununua kila gunia la mtama lililoshushwa forodhani Bagamoyo. Wauza nafaka wengine aliwatisha, wakafunga. Mzee mmoja wa Mbegani alikaidi, akaleta mashua ya mahindi. Mashua ilitiwa moto mchana, watu wakitazama, na yeye akapigwa rungu la taya. Hakusema tena neno lililonyooka. Baada ya hapo mtama ulikuwa wa mtu mmoja, na mimi ndiye niliyeupima mlangoni mwa ghala lake.

Uliponiuliza bei, nilikujibu, "Inategemea nani anayeuliza." Ukacheka. Hukujua kwamba sikuwa natania.

Siku yangu ya kwanza tajiri alinishika bega akanifundisha kazi. "Mtama ni huu huu, ila watu si hao hao," alisema. "Watu wa mjini, kibaba pesa mbili, maana hao wakikasirika watatuletea fitina. Mpagazi wa msafara, pesa tano. Kesho anaondoka, na bila chakula hafiki. Mwanamke wa Miono, kumi."

"Kumi? Na hao ndio maskini kuliko wote?"

"Ametembea siku mbili na ameacha watoto nyumbani. Hawezi kurudi mikono mitupu. Tazama miguu yake kabla hajasema kitu."

Nami nikatazama miguu. Nikiona vumbi jekundu limefika magotini, nilisema kumi. Wanawake walivua bangili, wakafungua shanga za viunoni, wakaniwekea mbele yangu. Mmoja alitoa jembe la mumewe. Nililipokea.

Wewe ulijua yote siku Semeni wa Miono alipoanguka kwa njaa kizingitini pako. Ulimnywesha uji, akakusimulia. Hukuja kunigombeza. Ulichota maji ukamsugua miguu kwa kumbi la nazi mpaka ikang'aa, ukamfunga leso yako ya madoa meusi, ukamkalisha uani ukimfundisha kusema. "Usiharakishe, na usiangalie chini. Sema, 'Nipimie kibaba, mwanangu,' kama mtu aliyetoka hapo nyuma ya msikiti."

Alipofika mlangoni niliijua leso. Nilimuuzia kwa pesa mbili nikanyamaza, nikajiona mtu mwema. Kesho yake ukamtuma mwingine, kisha mwingine, na leso ikirudi kwako kila mara kuvalishwa mwenzake. Jioni ulinipakulia samaki bila kusema lolote, nami nikala bila kusema lolote. Dada, zile ndizo siku nilizokupenda kuliko zote.

Siku ya sita tajiri aliketi nyuma yangu. Semeni alikuja tena, kuwanunulia jirani zake. Tajiri akainuka.

"Leso hii asubuhi niliiona kwa mwanamke mrefu," alisema. "Sasa imevaliwa na mfupi. Nguo ya nani?"

Semeni aliishika leso kwa mikono miwili. Mlinzi wa tajiri alimkamata nywele, akamlaza juu ya magunia na kumwekea kisu sikioni. Tajiri akauliza tena. Semeni akafumba macho. Wakalikata. Alilia mlio ambao mpaka leo nausikia nikiwa sokoni, damu ikachuruzika kwenye mtama, na bado hakukutaja.

Ndipo tajiri akanigeukia mimi. Hakunigusa. Hakuniinulia hata fimbo. Alinitazama tu.

"Ni ya dada yangu," nikasema. "Nyumba ya nyuma ya msikiti."

Walikuburuta kutoka uani kwako mpaka ghalani, kichwa wazi. Tajiri akasema, "Huyu ndiye anayeosha miguu ya watu," akaamuru upigwe nyayo. Walikupiga kwa fito mpaka fito zikavunjika, wakachukua rungu. Nilisikia mifupa. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, kibaba mkononi.

Wanawake waliokuwa wakingoja nje walisikia sauti yako. Waliingia na mawe, na michi waliyoitwaa nyumba za jirani. Mlinzi aliyekupiga alianguka kwanza. Mchi ulimwingia usoni. Tajiri alikimbilia ngazi, wakamvuta kwa kanzu, na walipomwachia hakuwa na uhai. Mimi nilimpiga teke alipokwisha kufa. Hilo ndilo pigo langu la pekee siku ile.

Ghala lilibaki tupu kabla ya adhuhuri. Wewe uliishi siku tisa. Miguu ilivimba, ikawa myeusi, nikawa nakupepea nzi. Siku ya nane ukaniuliza, "Nani aliyenitaja?"

Nikasema, "Semeni."

Ukageuza uso ukutani. "Nilimwosha kwa mikono yangu hii," ukasema. Waliokuja kukuuguza walikusikia, na maneno yakafika Miono kabla ya arobaini yako. Semeni alinyimwa moto na maji. Alisema ni mimi niliyekutaja, hakusadikiwa, na mumewe akamfukuza.

Mwezi uliopita nilikwenda Miono. Nilimkuta analima peke yake, kitambaa kimefungwa upande mmoja wa kichwa. Nilimwamkia, nikamwambia nilichokufanyia na nilichomfanyia yeye. Alinipiga kwa mpini wa jembe mgongoni, mabegani, mpaka akachoka. Sikujikinga. Kisha akanishika kanzu akanipeleka kwa watu wa kijiji, nikayasema upya mbele yao, na huko nako nikapigwa.

Nilipoweza kusimama nilimwomba anisamehe.

"Mimi hukunidanganya," akanijibu. "Nilikuwepo. Ulisema juu ya kichwa changu nikitoka damu. Nenda kamwambie uliyemdanganya."

Basi dada, nakwambia. Semeni alikatwa sikio akanyamaza. Mimi sikuguswa hata ukucha, nikakutaja. Halafu nikakuacha ufe ukimchukia mtu aliyekupenda kuliko mimi nilivyokupenda. Sikuombi unisamehe leo.

Barua hii naisoma kwa sauti kaburini kwako, watu wa mtaa wakisikia. Semeni amesimama kando yangu; alikuja kwa miguu kutoka Miono. Nikimaliza nitaondoka niwaachie nafasi, maana ana maneno yake na wewe.

Ni mimi, mdogo wako uliyemlea.